Karte ya Wazee na Macho ya Agnès

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Misa ya jana imeniharibia wiki. Jirani yangu Papa Bisimwa aliingia kanisani na karte mpya shingoni, picha yake ikitabasamu. Ni kadi ya chama kinachoitwa Heshima ya Wazee, kwa watu wa miaka sitini na kuendelea. Kinyozi anampunguzia. Farmasi inampunguzia. Daktari wa macho wa Nyawera anamtoza nusu ya bei. Alituambia hayo mara tatu kabla hatujafika kwenye lango.

Nusu! Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu.

Mke wangu Agnès ni mshonaji, na macho yake yanamwacha. Wiki iliyopita alishona mkono mmoja wa gauni la komunyo ukiwa umegeuzwa ndani nje. Mwenye gauni, Maman Ghislaine, alilikunja, akaliacha mezani na kuondoka bila lawama, na hilo ndilo lililomuumiza Agnès. Miwani ya kuuzwa barabarani inampa maumivu ya kichwa, maana jicho moja halilingani na jingine. Kwa mwaka mzima ameweka dola sitini katika kopo la maziwa ya unga. Miwani ya daktari ni sitini kamili.

Karte ni ishirini. Nusu ya miwani ni thelathini. Kumi zinabaki, na mimi nabaki na karte. Nilimweleza Agnès polepole, mara mbili. Alikuwa akitafuta tundu la sindano. Alisema yeye anahitaji miwani, hahitaji hesabu. Lakini kopo alinipa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Biro ya chama, yaani ofisi yao, iko Ibanda, ghorofa ya tatu. Chama cha wazee! Kwenye ngazi, saa nne, nilipita wazee wawili wameketi wanatafuta pumzi. Mmoja alisema alianza kupanda saa mbili.

Aliyenipokea ni msichana mpole anayeitwa Charlène. Alisoma karte yangu ya mpiga kura, jina Déogratias, akahesabu kwa vidole. Miaka hamsini na saba. Alinionea huruma. Aliniambia nirudi baada ya miaka mitatu.

Nina miaka sitini na miwili. Kosa ni langu, na naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine anayesoma. Zamani nilitafuta kazi katika depo ya sukari, na bosi hakutaka mtu aliyepita miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na minane. Rafiki aliyeandika karatasi alinipunguzia mitano kwa chupa mbili za bia. Siku ile nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kadutu. Depo ilifungwa mwaka jana. Ile miaka mitano sikurudishiwa.

Charlène alisema kuna njia moja. Mwanachama anayenijua tangu utoto anaweza kushuhudia umri wangu kwa maandishi.

Mwanachama ninayemjua ni mmoja tu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Bisimwa alinipokea akiwa ameketi na akaniacha nimesimama. Tulikua pamoja Nyantende. Ananizidi miaka miwili. Alisema yuko tayari kuandika, ila kwanza nikubali mbele ya mke wake Apolline kwamba mti wa avoka ulio mpakani ni wake. Tunaugombania huu mwaka wa tisa.

Nilikubali. Sauti ilitoka ndogo. Aliomba nirudie ili Apolline asikie vizuri.

Kisha akaandika. Sikusoma, kwa haraka ya kuondoka. Kule biro, Charlène ndiye aliyenisomea: kwamba Bisimwa alipokuwa bado anajifunza kutembea, mimi nilikuwa tayari nachunga mbuzi peke yangu. Alipiga hesabu akaniandika miaka sabini na mmoja.

Jana nilikuwa na hamsini na saba. Sikusahihisha. Nililipa ishirini, nikapigwa picha, nikapewa karte. Kwenye picha nimetoka vibaya, lakini kwa umri huo si mbaya.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Tulitembea na Agnès hadi Nyawera. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Nilitangulia na karte nje ya shati.

Msaidizi wa daktari wa macho anaitwa Fabiola. Aliitazama karte, akamtazama Agnès, akaeleza kwa adabu kwamba anayepunguziwa ni mtu wa kwenye picha. Agnès hayuko kwenye picha. Nikauliza kama naye anaweza kujiandikisha. Agnès ana miaka hamsini na tisa, na karatasi zake zote zinasema ukweli.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kopo zimebaki arobaini. Agnès hakunilaumu njia nzima. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimepata dawa. Kama kupunguziwa ni kwangu, miwani na iwe yangu kwa jina, na yake kwenye pua.

Asubuhi nilimkalisha Agnès mbele ya kalenda ya parokia. Nikamwomba anionyeshe herufi anazoziona na zile zinazomponyoka, jicho moja baada ya jingine. Nikaandika zote. Alijibu kwa utaratibu, kisha akanishika mkono. Alisema tangu macho yaanze kufifia, ni mara ya kwanza namwuliza anaona nini.

Sikumwambia karatasi ni ya nini.

Saa tano nilikuwa Nyawera. Mbele ya ubao wa herufi nilikosea vizuri kabisa, kama nilivyojifunza. Fabiola hakubishana. Alinikalisha kwenye mashine, nikaweka kidevu, taa ikawaka. Ile mashine haiulizi mtu chochote.

Alisoma namba za mashine, kisha umri kwenye karte yangu.

“Papa,” alisema, “kwa miaka makumi saba na moja, macho hii iko zawadi ya Mungu. Rudia ku nyumba.”

Watu wote kwenye mabenchi walisikia. Mzee mmoja alinifuata hadi mlangoni kuuliza ninakula nini. Nilimwambia sombe, yale majani ya muhogo tu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Agnès ametoka asubuhi bila kuaga, na kopo chini ya kitenge. Amerudi saa saba. Alikuwa Nyawera.

Amemweleza Fabiola kila kitu, hata kalenda, maana Jumamosi jioni niliungama. Fabiola alicheka hadi akakaa chini. Kisha alimwuliza anashona nini. Wameelewana hivi: arobaini atalipa sasa, na kwa ishirini zilizobaki atawashonea wafanyakazi blouse nne nyeupe za kazi. Miwani itakuwa tayari Ijumaa.

Nilimwuliza kwa nini hakunipa wazo hilo tangu mwanzo. Alisema alikuwa ananisubiri nimalize kueleza.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Agnès amevaa miwani. Aliketi mlangoni, akatazama vilima, akatazama vumbi kwenye majani. Akatia uzi katika sindano kwa jaribio la kwanza. Akautoa, akautia tena.

Kisha akanigeukia mimi.

“Papa Hervé,” alisema. Hervé ni mtoto wetu wa kwanza, yuko Kavumu na familia yake. “Kumbe ulishazeeka hivi. Tangu wakati gani?”

Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, upande huu na upande ule, kama anayekagua kitambaa. Akasema si vibaya. Akarudi kwenye cherehani.

Nilienda nyuma ya nyumba kujitazama kwenye ndoo ya maji.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Maman Ghislaine amekuja kuchukua gauni. Agnès alikuwa ameufumua ule mkono na kuushona upya. Ghislaine aliupitishia kidole, akatoa kitambaa cha gauni la pili. Nilikuwa sijamsikia Agnès akiimba kazini tangu mwaka juzi. Leo ameimba.

Mchana Charlène ametuma ujumbe kwa wanachama wote. Boti moja ya kwenda Goma imeingia katika mpango. Mwenye karte atapunguziwa dola mbili kila safari.

Nimetulia na kalamu. Safari kumi zinarudisha bei yote ya karte. Kuanzia ya kumi na moja ni faida tupu. Kwa nini hakuna aliyeliona hili? Nikianza wiki ijayo, kufika Krismasi Bisimwa atakuwa nyuma yangu kabisa.

Hatuna mtu hata mmoja wa kutembelea Goma. Nimeanza kuulizia.