Kuoga Mara Mbili kwa Siku

Jumatatu, 1 Desemba

Fomu ya safari imetoka! Siku tatu kwa miguu katika milima ya Imatong, na mama wa huko anayeijua njia. Mabwawa matatu, moja kwa siku. La tatu limejificha ndani ya mlima. Halifikiwi kwa miguu. Unapita majini kwenye ufa wa jabali, urefu wa madarasa mawili, mwamba kulia, mwamba kushoto. Wasiojua maji watabaki nje na sufuria.

Mwalimu Mukasa wa michezo, mlezi wa Klabu ya Matembezi, amesema makala ya safari itabandikwa kwenye gazeti la ukutani. Ataiandika mtu mmoja. Sharti lake: awe ameliona bwawa la tatu kwa macho yake mwenyewe.

Nimekuwa nikiandika tangu darasa la nne. Hakuna aliyewahi kunisoma, isipokuwa mbuzi wa jirani aliyekula daftari la pili. Makala hii ni yangu. Lazima.

Shida ni moja. Sijui kuogelea.

Lakini fomu haikuuliza hivyo! Mwalimu Mukasa amelelewa Kampala, na Kiswahili chake hakina haja ya silabi nyingi. Swali la nne linasema: JE, WEWE UNAJUA KUOGA? Nimelisoma mara tatu. Nikajaza kwa wino: Ndiyo. Vizuri sana. Tangu utotoni. Mara mbili kwa siku.

Sijasema uongo.

Jumanne, 2 Desemba

Balaa. Mwalimu Mukasa amesimama mbele ya klabu nzima na fomu yangu mkononi. Amesema watu wanamdharau huyu Lokosang kwa sababu ya miwani, kumbe! "Huyu mtoto iko kuoga mara mbili kwa siku! Bingwa iko hapa, tumekaa naye tu!" Wakapiga makofi. Nikatazama viatu vyangu.

Marvin hakupiga makofi. Baba yake ni Mkenya, yuko benki, na kila Jumapili Marvin huogelea kwenye bwawa la hoteli. Mpaka leo yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Alinifuata hadi langoni. "Manze, wewe huogelea wapi hapa Juba?" Nikamjibu kwamba ni nyumbani, Hai Malakal. Akauliza bwawa letu lina ukubwa gani. Nikamwambia si kubwa, ila linatutosha. Ni karai la bluu.

Nimeazima maktabani kitabu cha mafunzo ya kuogelea. Jioni nililala kifudifudi juu ya kigoda cha mama, nikarusha mikono na miguu kama mchoro wa sita. Mama akarudi kutoka soko la Konyo Konyo na kapu la dagaa. Akadhani ni degedege. Alinimwagia ndoa nzima ya maji, yaani ndoo (kalamu inatetemeka, bado naona baridi), akaita jina la Yesu na jina la shangazi.

Angalau nimefanya mazoezi nikiwa nimelowa.

Jumatano, 3 Desemba

Gari alfajiri. Torit mchana. Kisha barabara ya mashimo mpaka chini ya mlima.

Sijui niandike nini juu ya mlima. Nimezaliwa ukanda wa tambarare, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, nikadhani mlima ni kile kilima chetu cha Juba chenye minara ya simu. Huu hauishi. Ukiinua macho unakuta msitu. Ukiinua tena unakuta wingu. Ukidhani umefika juu, wingu linasogea, na juu yake kuna mlima mwingine umekaa kimya.

Wote wanane tukabaki tumeinua shingo, hata Marvin.

Kiongozi wetu ni Mama Santina. Mwembamba, sketi ya kitenge, buti za mpira, panga kiunoni. Anatupandisha na kututeremsha kwa macho kama mtu anayechagua mihogo. Mwalimu Mukasa alimwonyesha bingwa wake. Mama Santina akanitazama miguu, akanitazama miwani, akasema tu, "Kwes," sawa.

Mpango wangu ni chupa. Nimesoma ukurasa wa thelathini: kitu kilichojaa hewa huelea. Kwa hiyo njia nzima nimekusanya chupa tupu za maji za wenzangu. Mwalimu Mukasa aliniona, akasimamisha msafara, akasema wote waige mfano wa kijana anayependa mazingira.

Sijasema uongo. Sikusema kitu.

Marvin naye ameanza kukusanya! Hajui kwa nini. Anakusanya tu kwa sababu mimi nakusanya. Mimi sita, yeye nne.

Alhamisi, 4 Desemba

Asubuhi nilitoka hemani nikaona moshi ukinitoka mdomoni. Nilishtuka. Ilikuwa pumzi yangu! Miaka kumi na sita nimekuwa nikipumua bila kuiona. Nikasimama peke yangu nikapumua karibu nusu saa.

Tulipanda mpaka saa sita. Miti imevaa majani laini kama manyoya. Juu ya matawi kuna mbega, weusi, wenye mashuka meupe mgongoni kama maaskofu. Walituangalia tukipita tukihema. Nahisi walituhurumia.

Halafu bwawa la kwanza. Nyumbani maji huja kwa lori na hukaa ndani ya pipa. Mto wenyewe una rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo nimekua nikijua kwamba maji ni kitu cha kufunika vitu. Hapa nilichungulia nikaona mawe ya chini, kila moja na rangi yake, na samaki mdogo na kivuli cha samaki, vyote viwili. Nilidhani bwawa ni kavu mpaka nilipotia kidole.

Wakaruka. Wakapiga kelele. Mwalimu Mukasa akaita, bingwa yuko wapi?

Nikatoa sabuni.

Nilikuwa nimeiandaa. Fomu iliuliza kuoga, basi mimi nikae ukingoni nioge, nani atanilaumu? Nilikuwa nimeshajipaka povu mpaka masikioni Mama Santina aliponishika mkono. "Ya jena!" (Hivyo ndivyo anavyotuita, mtoto.) "Sabuni hapana! Samaki hapana oga na sabuni. Maji hii inashuka kwetu, nyanya yangu anakunywa." Nikaadhibiwa: nisiguse bwawa siku nzima, na povu nikajifutie mbali, kwa majani.

Adhabu tamu kuliko zote nilizowahi kupata. Ila majani yale yanawasha.

Ijumaa, 5 Desemba

Bado nawashwa.

Bwawa la pili ni pana, na upande wa kushoto maji yanafika kifuani tu. Nililipima kwa fimbo wakati wenzangu wakila. Mpango: nitembee chini, huku mikono juu ikiogelea. Kichwa kiinuliwe. Mchoro wa nane.

Ilifaulu! Nilikwenda na kurudi mara mbili. Mwalimu Mukasa alisema hajawahi kuona mtu anayeogelea kwa heshima hivi, kichwa hakilowi hata kidogo. Marvin alisema huo ni mtindo gani, bro, haupo duniani. Nikamwambia ni wa zamani.

Nilitoka nikiwa mtu mkubwa. Nikaketi juu ya jabali nione maporomoko. Maji yanadondoka kutoka juu sana hivi kwamba yanapofika katikati yanasahau kuwa ni maji, yanakuwa hewa, kisha yanakumbuka. Kuna upinde wa mvua uliokuwa umesimama tu hapo. Haukuwa na haraka ya kuondoka. Nikasahau mipango yangu yote kwa muda mrefu.

Kisha Nyakuma akaja akaketi. Tuko darasa moja. Hatujawahi kuongea zaidi ya kuazimana rula. Alitafuna muwa kwanza. Halafu akasema maji ya huku ni mazuri, yanaonyesha kila kitu. Nikakubali. Akasema hata vidole vya miguu ya mtu vinaonekana, vikitembea.

Nikawa jiwe.

Hakucheka. Alitema makapi ya muwa, akauliza, "Kesho hakuna chini. Utatembea wapi?"

Nikafuta miwani. Akaniambia nikamwambie mwalimu. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Nikisema, nitabaki na sufuria, Marvin ataingia, na Marvin ndiye atakayeandika. Najua ataandika nini. "Bwawa lilikuwa poa sana." Basi! Mlima wote huu, na mbega, na pumzi yangu, vyote viishie kwenye neno "poa"!

Heri nizame.

Jumamosi, 6 Desemba

Sikuzama. Niandike kwa mpangilio.

Chupa sita. Nilizifunga tumboni kwa kamba za viatu, nikavaa shati juu. Nyakuma akauliza mbona kifua changu kinalia krak krak. Nikasema ni baridi. Alinitazama sana. Halafu akachomoa uzi wa kofia yake, akanifungia miwani nyuma ya kichwa. Kisha nikamwona akienda kumnong'oneza Mama Santina. Msaliti, nikadhani.

Ufa ni mwembamba na giza. Maji meusi. Mama Santina aliingia kwanza, akafunga kamba ndefu upande wa ndani, akarudi kutuangalia tukipita mmoja mmoja. Mimi nikawa mbele ya Marvin. Nikasali. Nikaingia kama mchoro wa kwanza.

Kitabu hakisemi kwamba chupa hazipendi kuwa chini ya mtu. Zilitaka kupanda juu, zote sita, kwa pamoja! Kwa kuwa zilikuwa tumboni, tumbo lilipanda nazo. Nikapinduka. Nikawa chali, tumbo juu kama mbuzi aliyevimbiwa, miguu ikipiga maji kwa bidii na kunirudisha nilikotoka. Nilimgonga Marvin puani. Akasema maneno ambayo siyaandiki. Mama Santina akapaza sauti ikarudi kila upande wa mwamba: "Vuta yeye! Kwa kola!"

Akanivuta. Mshindani wangu. Kwa kola.

Na hapo ndipo nilipoona.

Wao wote walipita wakitazama mbele, watafika lini. Mimi sikuwa na pa kutazama ila juu. Kuta mbili za jabali zinapanda, zinapanda, mpaka karibu zigusane, na katikati kuna mbingu nyembamba kama rula. Mizizi inaning'inia kutoka huko, mirefu kama nywele, na kwenye ncha ya kila mzizi kuna tone, na ndani ya kila tone kuna mwanga. Niliona tone moja likiachia. Nililiona njia nzima. Lilikuja polepole, likanipiga kwenye paji la uso. Mbayuwayu wakatoka kwenye mwamba, wengi, bila sauti. Mawimbi ya miguu yangu yalikuwa yakicheza juu ya jiwe, yaani mwanga wake, kama mtu anayeandika na kufuta, anaandika na kufuta. Niliacha kupiga miguu. Nikaacha hata kuogopa. Nikafikiri: haya yote yalikuwa hapa siku zote, wakati mimi nipo darasani nasahihisha ngeli za watu.

Kisha bwawa lenyewe. Duara, kijani, na paa la jabali lenye tundu moja. Maji na jua vinaingia kwa mlango mmoja. Sikuwa na neno. Mimi!

Mama Santina alinipandisha jiweni. Nikasema nisamehewe. Akasema mimi si wa kwanza kudanganya mlima. "Wewe hapana kujua maji, tangu jana mimi naona, ile msichana pia amesema. Kwa hii mimi naweka kamba." Akaninyang'anya chupa. Halafu akauliza niliona nini huko juu, mbona nilinyamaza ghafla. Nikamwambia: mizizi, matone, ndege. Akageuka kuutazama ufa. Akasema amewaleta watu wengi, na wote wanasimulia maji. Yeye mwenyewe hupitia hapo chali akiwa peke yake.

Mwalimu Mukasa alifika akiwa amebadilika rangi. Alisema ningekufa, angemwambia mama yangu nini? Nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba najua! Nikamweleza, kwa adabu, tofauti ya kuoga na kuogelea. Aliyarudia maneno yote mawili kwa sauti ndogo. Marvin alicheka mpaka akameza maji, na ikabidi apigwe mgongoni. Nikasaidia kumpiga. Labda nilizidisha.

Hukumu: bwawa nimeliona, makala niandike. Lakini Marvin ataisoma kwanza aondoe uongo.

Jumatatu, 8 Desemba

Juba. Joto. Boda boda, vumbi, jenereta la jirani. Usiku nililala chali, nikatazama bati, nikangoja tone.

Nimeandika kurasa saba. Marvin amezisoma akiwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika "niliogelea". Akakata, akaandika "nilivutwa". Nilikuwa nimeandika "kwa umahiri". Akakata, akaandika "kwa kola". Lakini ukurasa wa matone hakuugusa. Aliusoma mara mbili. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama kweli kulikuwa na ndege, kwa sababu yeye alipita papo hapo na hakuona hata mmoja.

Nikamwambia walikuwepo.

Akasema akirudi, atapita chali.

Jumatano, 10 Desemba

Makala iko ukutani! Watu walisimama kusoma. Nyakuma aliisoma mpaka mwisho, akasema nimesahau kumtaja aliyetoa uzi. Ni kweli. Nimeongeza pembeni kwa penseli.

Jambo kubwa zaidi: Mwalimu Mukasa ameniita ofisini. Januari, klabu itakwenda kwenye majabali ya kilima chetu, yale yaliyosimama wima, kwa kamba na kofia ngumu. Atakayefika kileleni ndiye atakayeandika. Safari hii hataki makosa ya lugha, kwa hiyo amenipa fomu mpya niisahihishe kabla haijachapishwa. Heshima iliyoje! Nimeweka koma mbili. Nimerekebisha ngeli tano.

Kisha nikafika swali la nne. JE, UNAJUA KUPANDA?

Niliona. Bila shaka niliona. Ilihitaji neno moja tu baada yake, "majabali", na hakuna mtu angechanganyikiwa. Kalamu ilikuwa mkononi.

Nikaliacha lilivyo. Halina kosa la sarufi.

Nimejaza fomu yangu nikiwa wa kwanza: Ndiyo. Vizuri sana. Tangu utotoni. Kila msimu wa mvua.

Sijasema uongo. Bamia zangu nyuma ya jiko zimefika kiunoni.

Mama anauliza nani amechukua kamba yake ya kuanikia nguo.