Mwenye Shahada Hakimbilii Kalamu

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imetoka! Rubani msaidizi, ndege ya viti kumi na tisa, shirika dogo lile lenye ofisi nyuma ya karakana ya kiwanja cha ndege. Wanataka leseni ya urubani (ninayo), afya njema (ninayo, ukiacha mgongo, ambao ni kosa la godoro) na saa za kuruka za kutosha. Hapo pa saa wangetumia lugha ya upole zaidi.

Kwa bahati nina kitu wasichokiomba. Shahada ya uchumi, daraja la kwanza, kutoka chuo kile ambacho watu wakikitaja hushusha sauti kama wanapita mbele ya msiba. Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa wasifu wangu, herufi nene. Saa za kuruka ziko ukurasa wa tatu, chini, herufi ndogo, mahali ambapo msomaji hufika akiwa amechoka.

Dada amesema vyema, kisha akauliza nitahama lini. Si kwa ubaya. Nimekaa kwake miaka miwili tangu nipate leseni, na sasa tumbo lake limekuwa kubwa. Chumba ninacholala ni cha mtoto. Shemeji ameshapaka rangi ukuta mmoja. Wa pili anasubiri mgeni aondoke.

Mgeni ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Pamba naye ameomba!

Pamba ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Aliishia kidato cha nne, akajifunza kuruka, na tangu hapo ananyunyizia dawa mashamba ya pamba kwa kindege cha kiti kimoja. Ndiko lilikotoka jina. Ana saa za kuruka mara sita ya zangu, na harufu ya dawa isiyomtoka hata akienda harusini. Alikuja nimsaidie kuandika wasifu. Nilimshauri kwa moyo mweupe aeleze kwa kirefu habari za wadudu. Alishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Imepita.

Habari njema zimeletwa na shemeji, ambaye hupeleka madumu ya maji ya kunywa maofisini. Anasema juu ya meza ya Rubani Mkuu wa shirika kuna kikombe chenye nembo ya chuo changu. Nimemtaka aape. Ameapa. Kumbe ni mwenzetu! Nimeitoa tai ya chuo sandukuni na kuipiga pasi mara mbili. Pamba maskini. Nimeanza kumwonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi

Usaili. Rubani Mkuu ni mama wa makamo, mpole wa uso, mzito wa sauti. Niliketi kwa namna ya kuitanguliza tai. Haikutazamwa. Nikakitazama kikombe kwa mapenzi, kwa muda mrefu, mpaka akanieleza kwamba kiliachwa na rubani msaidizi aliyemwachisha kazi. Yeye hutilia kalamu. Nikauliza mwenzangu huyo alikosa nini. Akasema alikuwa akibishana na mawingu.

Swali: unafika kiwanjani, ukungu umetanda, mafuta yanatosha uamuzi mmoja. Utafanya nini? Nikajibu kwamba inategemea. Nikasema ipo mikabala mitatu, kila mmoja na wafuasi wake. Alinivumilia hadi wa pili.

"Na wakati unaeleza, mwanangu, nani ameshika usukani?"

Nikasema bila shaka ni rubani kamili, yule aketiye kushoto. Akaandika kitu. Kilikuwa kifupi mno kuwa sifa.

Kisha wakanitia ndani ya mashine ya kuigiza urukaji. Upepo wa ubavuni, mvua, njia fupi ya kutua. Hapo mikono yangu ilifanya kazi bila kushauriana nami. Nilitua. Sikumbuki vizuri.

Pamba aliingia baada yangu na nikasikia kicheko ndani. Kwangu hakikuwepo. Njiani akaniambia aliulizwa habari ya ukungu uleule, akajibu kwamba anageuza, anakwenda kutua kiwanja cha pili, na abiria wakinuna watanuna wakiwa hai. Jibu la sentensi moja! Hata utangulizi hakuweka.

Jioni, simu. Nimepata! Sote wawili tumepata, maana msaidizi mwingine ameacha kazi na nafasi zimekuwa mbili. Niliuliza shahada ilichangia kiasi gani. Rubani Mkuu akasema haikuniongezea wala kunipunguzia. Ilikuwa ile mikono. Nimelichukua kama unyenyekevu kwa niaba yangu.

Kesho, akasema, ofisi ikifunguliwa twende kutia sahihi, mafunzo ni Jumatatu, na tusichelewe, wako watu wanasubiri tudondoke. Tena kazi hii ina desturi yake: anayetangulia kusaini anatangulia maisha. Namba yake ya kusaini ndiyo inayochagua zamu, likizo, na nani apande kuwa rubani kamili. Kazi ikipungua, wa mwisho ndiye huondoka kwanza.

Dada amelia. Shemeji amekwenda kununua rangi.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi

Pamba amenipigia simu, yuko mlangoni pa ofisi tayari.

"Njoo, kaka, nimekushikia foleni. Utaingia wewe kwanza, mimi nifuate. Wewe ndiye mkubwa."

Nani humpa mwenzake namba ya maisha yake yote bure? Nimelipima jambo hili kama nilivyofundishwa. Ni mtego. Anataka nionekane nina njaa. Kitu kikipatikana kwa urahisi hushuka thamani; hilo tulilisoma wiki ya kwanza kabisa. Basi nitakuwa adimu hadi mchana. Simu nimeizima, maana uadimu wa nusunusu haufai. Mwenye shahada hakimbilii kalamu.

Isitoshe, nimepeleka cheti changu kutiwa fremu ya mbao na kioo. Wakati wa kusaini nitapendekeza namba zipangwe kwa elimu, na hoja kama hiyo haitolewi na karatasi iliyojikunja.

Dada ameniambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Methali zimegongana, nikaondoka na yangu.

Ijumaa, baadaye

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika fremu ikiwa kwapani. Pamba alikuwa amesimama nje kwenye jua, sare mpya mkononi, bado ndani ya nailoni. Alikuwa amewapisha wengine mlangoni asubuhi nzima, akisema kaka yangu yuko njiani, mpaka Rubani Mkuu akatoka mwenyewe na kumwambia asaini au arudi kwa wadudu wake. Akasaini. Macho yalikuwa mekundu. Nilitaka iwe dawa ya pamba.

Rubani Mkuu hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alisema amenipigia simu mara mbili, na nafasi ya pili amempa binti mmoja, naye rubani, aliyekuwa ameketi mapokezi tangu asubuhi, bila kuitwa, akingoja mtu asitokee. Nikamwonyesha fremu. Akasifu mbao.

Binti huyo ndiye aliyenifungulia mlango wa kutokea. Akaitazama tai, akatabasamu. Amesoma chuo kilekile! Idara ileile, miaka miwili nyuma yangu, daraja la kwanza. Tai anayo pia, ila hajui ameitupia wapi. Nikauliza kama aliwaeleza. Akasema hawakumuuliza.

Nimerudi kwa miguu. Katikati ya njia ndege ikapita juu, ile ya viti kumi na tisa; mlio wake naujua. Nikaketi ukingoni mwa barabara, cheti mapajani. Mama mmoja akasimama na kuniuliza picha nauzaje.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Ukuta wa pili umepakwa. Godoro langu liko stoo, kati ya madumu ya maji. Shemeji aliniomba radhi huku akilisukuma kwa mguu. Dada ameniletea mto mwingine, akasimama mlangoni ameshika kiuno, akaondoka. Afadhali angeleta methali.

Mchana Pamba akaja. Nilidhani kaja kuvaa sare mbele yangu, hakuwa nayo. Anaanza kesho, na kazi yake ya kunyunyizia dawa iko wazi. Amekwishasema na mwenye mashamba, nitachukuliwa kwa neno lake. Kindege kipo, chumba kipo pembeni ya uwanja, chenye dirisha. Msimu mmoja, saa zangu zitakuwa za mtu mzima. Na Rubani Mkuu amesema nafasi nyingine ikitoka atanitazama tena, kwa ajili ya ile mikono.

"Kaka, kuruka unajua. Njoo tu uruke."

Akanishika bega. Ilibidi nijifanye napanga madumu.

Lakini nilikuwa nimekwisha kuichambua hali. Wawili wenye shahada moja wakigombea kiti, hukipata aliyewahi kukaa. Kwa hiyo shahada haina kosa. Kosa ni kwamba ninayo moja tu. Nimeomba kusoma uzamili, chuo kilekile, miaka miwili, na nimemwandikia Rubani Mkuu kumjulisha, asije akahangaika kunitafuta katikati ya masomo. Nikitoka huko na ya pili, niambieni, ni binti gani wa mapokezi atakayenifikia?

Pamba alikuwa bado anangoja jibu. Nilimshukuru kwa upole. Kazi hiyo, nikamwambia, ampe mwenye shida.