Makofi Niliyodhani ni Yangu

Jamani wa darasa letu, leo nimeaibika hadi visigino. Nimepanda kichuguu nyuma ya zahanati ili nipate mtandao wa kuwasimulia, maana nikikaa nalo peke yangu litanivimbisha.

Mnajua nimepangiwa Kibondo. Mnajua pia nilivyolia njiani (sikulia, ni vumbi la barabara ya Kasulu). Jana nikashushwa kwenye zahanati katikati ya migomba na mashamba ya maharage, nikiwa na mabegi mawili na barua ya kuomba uhamisho niliyokwisha kuiandika, imebaki tarehe tu.

Leo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nikapiga pasi koti jeupe (pasi ya mkaa, mniheshimu). Nikatoka. Uani kina mama kama thelathini, ni siku ya kupima watoto uzito. Waliponiona wakainama kidogo, wakaanza kupiga makofi huku wakinong'ona neno nisilolijua. Taratibu, kwa adabu.

Nikasema moyoni, kumbe huku matabibu tunapendwa. Nikainua mkono.

"Asanteni sana, ndugu zangu. Nimekuja kuwatumikia."

Makofi yakaendelea. Nikaongeza hotuba. Nikagusia vyandarua, nikagusia vyoo. Kila nikivuta pumzi, wanapiga. Mimi, ambaye hata uongozi wa bweni nilikosa kura!

Mama Skola, mhudumu wa afya, mzaliwa wa hapahapa, akawa ananivuta koti kwa nyuma. Nikadhani naye hotuba imemgusa.

Hapo wakaingia wanaume wanne na machela ya miti. Juu yake binti mwenye uchungu, mimba ya kwanza, wametembea naye tangu alfajiri. Tukamwingiza ndani haraka. Mtoto hakukawia, wa kike. Lakini hakulia.

Amelegea, midomo ya bluu. Mimi niliyekuwa nawafundisha somo hilohilo usiku wa mtihani nikachukua kifuko cha kupumulishia, nikamwekea usoni juu chini. Niliogopa, nasema kweli. Yule binti alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mtoto.

Mama Skola hakunifokea.

"Lete, daktari," akasema.

Akamfuta mtoto, akamsugua mgongo, akamlaza vizuri shingo, akakigeuza kifuko, akaanza kubonyeza huku akihesabu kwa Kiha, kwa sauti ya mtu anayechambua maharage. Hana cheti ukutani kama changu. Utulivu ule sijauona hata kwa walimu wetu. Nilisimama pale nimeduwaa, nimesahau kabisa kwamba mimi ndiye mkuu wake.

Mtoto akakohoa. Kisha akalia. Na mimi nikalia (safari hii hapakuwa na vumbi).

Nikatoka nje kupunga hewa. Kina mama walewale wakainama, makofi. Haya sasa, nikajua, ni ya mtoto. Nikaweka mkono kifuani.

"Ni kazi ya Mungu," nikawaambia. "Mimi ni chombo tu."

Bibi mmoja, mama mkwe wa yule binti, akamsemesha kitu Mama Skola aliyekuwa ametokea nyuma yangu. Kina mama wakafunika midomo kwa kanga.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Yoo, daktari. Hayo si makofi ya kusifu. Ni salamu yetu. Mtu anapiga, anasema 'mwakeye', na wewe unapiga, unaitikia. Wanakusalimia tangu asubuhi, wewe unahutubia."

"Na bibi je?"

"Anauliza masikio yako yameanza kuuma lini. Anajua majani yake. Atakuletea."

Nikainama. Nikapiga makofi. "Mwakeye." Uani pote wakaitikia, halafu wakacheka mpaka watoto wa mgongoni wakaamka. Kisha nikamgeukia Mama Skola, nikampigia na yeye, kwa nguvu.

"Mimi na wewe tumeshasalimiana," akasema.

"Hii si salamu," nikamwambia.

Akatazama chini, akaenda kuchemsha vifaa.

Ile barua ya uhamisho ninayo hapa kichuguuni. Nyuma yake nimeandika salamu za asubuhi, mchana na jioni, na namna ya kuitikia. Tafadhali asicheke mtu. Masikio yangu yananuka majani, na bibi amesema dozi ni siku saba.