Naomba Mume Jini Afe Alhamisi Hii

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Tamthilia yenu ya yule bwana aliyeoa huku akijua kabisa kuwa yeye si mtu

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mzima kiasi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, natengeneza mageti, vitanda na nondo za madirisha, na mtaani wananiita Cheche. Nimeoa fundi cherehani, mwanamke mwenye akili zake timamu, au tuseme alikuwa nazo mpaka mlipoanza kurusha hiyo tamthilia kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari.

Nieleze kidogo, maana nyie wakubwa huenda hamtazami mnachoturushia sisi. Kuna binti ameolewa na bwana mpole, mchapakazi, asiyegombana na mtu. Kumbe jini! Anampenda mkewe kwelikweli, ila hamwambii ukweli, na mke anaanza kuona dalili, leo hii, kesho ile. Hizo dalili ndizo zilizonileta kwako. Duniani kote mlikosa dalili za kumpa jini wenu mpaka mje mchukue zangu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Macho. Jini wenu macho humwiva jua likianza kushuka. Mimi nachomelea kutwa nzima, na ile miwani ya giza nikiivaa sioni ninapochoma, basi naiinua kidogo nichungulie. Jioni narudi macho mekundu kama pilipili. Zamani mke wangu alinipokea na kitambaa cha maji baridi. Siku hizi ananisimamisha mlangoni na kunitaka nitaje jina la mama yake, kwa sababu ati jini hawezi kujua jina la mkwe. Mkurugenzi, mkwe hatajwi jina ovyo na mtu aliyelelewa vizuri. Kwa hiyo kadiri ninavyomheshimu mama mkwe, ndivyo ninavyozidi kuwa jini.

2. Moto. Mlimwonyesha jini wenu akiokota kaa la moto kwa vidole na kulirudisha jikoni, hata usoni hajakunja ndita. Vidole vyangu mimi vilikufa ganzi zamani kwa kazi. Wiki hiyohiyo kaa likadondoka kwetu, nikaliokota kabla halijaunguza mkeka. Asante sikupata. Mke wangu alipiga yowe, mwiko ukaruka huko, na kesho yake mama mkwe akahamia kwetu na godoro lake. Anasema amekuja kupumzika.

3. Kitovu. Kuna sehemu mmedai kuwa jini hana kitovu. Nani kawaambia? Mke wangu anajua ninacho, lakini anasema huenda kinakuja na kuondoka. Mama mkwe naye akataka ushahidi, ila hata dunia ipinduke, mama hawezi kutazama kitovu cha mkwewe. Basi akaitwa shemeji yangu, ambaye ni karani wa mahakama. Alikuja na tai yake, akanywa chai, akazungumzia mvua, kisha akaniomba kwa heshima zote nipandishe fulana kidogo. Nikapandisha. Akachungulia, akakohoa, akaenda jikoni kutoa taarifa. Sijawahi kuona aibu namna ile tangu nizaliwe.

4. Kivuli. Mlisema kivuli cha jini humzidi mwenyewe urefu. Basi mke wangu ananipima kivuli uani kwa futi yake ya kupimia nguo, pini zimejaa mdomoni. Nilimweleza kwamba jua likishuka kivuli cha kila mtu hurefuka, hata cha mbuzi. Akanijibu kuwa yule wa kwenye televisheni naye ni hodari wa kueleza.

5. Chumvi. Hapa ndipo penyewe. Jini wenu hali chumvi. Mimi nami sili, lakini ni kwa sababu zahanati waliniambia presha yangu imepanda, chumvi niiache kabisa kama naipenda roho yangu. Mke wangu hajui. Baba yake aliondoka kwa presha hiyohiyo. Aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Mpaka leo neno hilo likitajwa mke wangu hawezi kutunga uzi kwenye sindano, mikono inakataa. Nikaona nisimpe mzigo. Nilimwambia tu kwamba hamu ya chumvi imenitoka, na akiniuliza zaidi nacheka, mambo yanakwisha. Ni uongo mdogo, tena wa mapenzi. Mke anayemwamini mumewe angeupokea.

Wangu hakuupokea. Ananitilia chumvi kisirisiri, kwenye mchuzi, kwenye uji, na majuzi kwenye chai. Nikimaliza sahani, anashusha pumzi na kunitazama kama siku ya harusi. Nikiisukuma pembeni, analala kwenye godoro la mama yake. Muuguzi alinipima tena, akaangalia kipimo, akaniuliza kama nyumbani tunalamba chumvi ya ng'ombe. Nikamwambia nalinda ndoa. Mkurugenzi, nacheka nikiandika haya, lakini naogopa. Nikila nakufa, nisipokula naachwa.

Mimi naamini ndoa ni kuaminiana. Mke wangu na mimi hatujawahi kufichana kitu, ukiacha hicho kimoja. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, jini wenu ale kijiko kizima cha chumvi mbele ya kamera, na mwigizaji akikataa mtafute mwingine mwenye presha nzuri. Hilo likiwa gumu, nitumieni hati yenye mhuri kwamba mimi ni binadamu na sina undugu na mhusika wenu yeyote. Hati nayo ikishindikana, mwigizaji mwenyewe afike kwetu, apandishe fulana mbele ya shemeji yangu. Na haya yote yakiwashinda, basi ombi langu ni moja tu: jini afe Alhamisi hii. Afe waziwazi, azikwe, watu walie wamalize, na mjane aolewe na fundi wa kuchomelea ambaye ni mtu.

Nisalimie wapiga picha, wapaka vipodozi, wapishi wa kambi yenu, na yule binti mwigizaji, mwambie anajua kulia. Mama mkwe naye angewasalimu, ila hajui kama nawaandikia.

Wenu mtiifu, mwenye kitovu,
Fundi Cheche

N.B. Barua hii nilikwisha kuitia kwenye bahasha. Nikakaa naitazama, nikaona jambo la ajabu. Wewe nisiyekujua hata sura unaujua ugonjwa wangu, na anayenifulia nguo haujui. Nikamwita mke wangu. Mama mkwe alituona nyuso zetu, akatoka uani bila kuambiwa. Nikamweleza yote, presha, zahanati, na kwa nini nilinyamaza.

Hakulia kama nilivyoogopa. Alizitoa pini mdomoni moja moja, akasema: "Macho hayakunitisha, wala moto. Kilichonitisha ni kwamba kila nikikuuliza, unacheka." Nikaomba radhi. Akasema: "Heri ungekuwa jini. Jini hafi."



Mchana huu nyumba nzima tumekula mchuzi usio na chumvi. Shemeji alipita, akaonja, akaweka kijiko chini na kututazama mmoja mmoja kama anayehesabu majini. Huyo nitamshughulikia mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, yote niliyoomba nayafuta, na la kifo nalifuta mara mbili. Tafadhali msimuue. Kama mlikwisha kuipiga picha hiyo sehemu, ikateni. Alhamisi tutakaa wote wawili kumtazama, na mke wangu hawezi kuona mume wa mtu akifa, hata kama ni jini.