Kibata cha Papa Bruxelles

Bukavu nzima hakuna kichwa kilichoijua Ulaya kama cha Papa Zagabe! Kwa maneno yake mwenyewe, bila shaka. Aliishi Bruxelles miaka mitatu, akarudi na koti refu na picha yake akiwa kwenye theluji, na tangu hapo kila akila ugali alilalamika kwamba wa Bruxelles ulikuwa laini zaidi. Mtaa ukamwita Papa Bruxelles. Kwa jina hilo aliposa, na kwa jina hilo maman Ghislaine akakubali.

Basi mshipa mkubwa wa shingo, ule unaopeleka damu kichwani, ukaanza kuziba. Daktari Mardochée akamweleza: wataubana kidogo, wausafishe. Hawatamlaza usingizi, watamtia ganzi shingoni tu. Kazi yake ni kuongea mwanzo hadi mwisho, huku akiminya kibata cha mpira kinacholia, kama cha kuchezea watoto. Akinyamaza, na kibata kikinyamaza, ina maana damu haifiki kwenye ubongo, na itabidi waipitishe kwa mrija.

"Kuongea?" Zagabe akacheka. "Docteur, mumepata mutu!"

Kweli walimpata. Kwii! kikalia kibata. Akasimulia theluji iliyomfika kifuani, na tramu iliyosimama kumngoja amalize kahawa. Kwii! Muuguzi Godelive akaandika kila neno kwenye fiche, karatasi ya mgonjwa, dakika kwa dakika.

Mshipa ukabanwa. Godelive, akitaka tu kumchochea, akauliza, "Papa, dada yangu iko Bruxelles. Weye uliikalaka mu avenue gani?"

Kimya. Kibata nacho kimya.

"Papa Zagabe, ongea!"

Jasho tu.

"Damu haifike!" daktari akaruka. "Leta mrija!"

Maskini Zagabe! Damu ilikuwa imejaa tele. Kilichokosekana ni jina la barabara. Akauona mrija unakuja, akapima haraka kati ya sifa na shingo.

"Sikufikaka Bruxelles!" akapiga kelele. Kwii! "Avion iliniacha pale ku uwanja wa ndege ya Kavumu! Nikaona haya kurudi, nikaenda Kalehe kwa shangazi, nikachunga mbuzi miaka tatu!" Kwii, kwii!

Daktari akashusha pumzi. "Kichwa iko bien kabisa. Endelea, papa, inabakia minutes trente."

Dakika thelathini, na uongo wote umekwisha! Ikabidi aseme kweli. Koti ni la mtumba, la soko la Kadutu. Na ile picha yake kwenye theluji? Unga wa muhogo wa shangazi. Godelive akaandika mpaka kalamu ikakauka.

Shingo ikapona vizuri. Lakini fiche ya mgonjwa hutunzwa na jamaa anayemlinda hospitalini, na aliyemlinda Zagabe ni mkewe. Maman Ghislaine aliisoma yote katika ukumbi wa wagonjwa, kwa sauti, na walipomwomba arudie, akarudia.

Siku ya kutoka, Zagabe akaomba koti lake. Mkewe akampa fimbo.

"Shika, Papa Kalehe. Bajirani balikuletea mbuzi ya kukupongeza, iko pale nje. Ichunge weye mwenyewe, uko na diplôme ya miaka tatu."