Nirudishiwe Dramu Zangu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Spana,
Garsen.

Bwana Shee mpendwa,

MINT: FUNDI NASSIR KUFANYA KAZI VIZURI BILA IDHINI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumai wewe na mafundi wako mnaendelea vyema. Mimi siendelei vyema. Ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na minne, na ninamiliki Pijo 504 ya mwaka wa 1978 ambayo Garsen nzima inaijua. Kwa miaka saba gari hilo halikuwa na breki za nyuma za kutegemewa, na kwa miaka saba niliishi kwa amani.

Mwezi uliopita dramu moja ya breki za nyuma ilipasuka. Nililipeleka gari kwa Fundi Nassir, mzaliwa wa Kipini, nikamwagiza kwa Kiswahili sanifu anitafutie dramu nyingine kuukuu ya kufanana na ile. Badala yake aling'oa dramu zote mbili, akachukua diski za breki kutoka gari lililopinduka njia ya Malindi, akazifunga, akabadilisha mipira ya mafuta ya breki, na hata handbreki akaiunganisha. Nilipolijaribu gari nilikanyaga kidogo tu, meno yangu ya bandia yakatoka yakagonga usukani. Gari lilisimama pale pale. Kwa hiyo natoa malalamiko yafuatayo.

1. Ujuzi wa mtu huyu hauna kiasi. Fundi mwenye adabu humwachia mteja kasoro moja au mbili za kuendelea nazo nyumbani. Nassir hakuniachia hata kelele. Nilipomgombeza alicheka, akaniambia nimshukuru Mungu.

2. Nimefunuliwa mbele ya wapenda lifti. Hapo awali mtu akinipungia mkono barabarani, nilikuwa nanyoosha kidole kuelekea magurudumu ya nyuma, natikisa kichwa kwa masikitiko, napita. Masika nilisema dramu zimeingia maji ya mafuriko. Kiangazi nilisema vilevile zimeingia maji, na hakuna aliyeuliza maji gani. Watu wa huku ni waungwana. Sasa Nassir ametangaza kazi yake katika kila kibanda cha chai hapo Garsen, na Jumanne mzee Halkano alinisimamisha, akapakia mbuzi wanne kiti cha nyuma, naye akaingia, kisha beberu akawekwa mbele na mimi. Jamani, beberu yule alinitazama njia nzima. Kiti kinanuka mpaka leo.

3. Kwaya ya kanisa. Sitaki kuizungumzia. Wako kumi na mmoja, na kayamba zao.

4. Hili sasa ndilo linaloniumiza, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kaka yangu mkubwa, Jotham, anaishi Kulesa, na baraza yake inatazama barabara ninayopita kila siku kwenda shambani. Marehemu baba alitugawia ardhi, akasema mpaka wetu ni mto. Miaka saba iliyopita mafuriko yaliuhamisha mto, na migomba yangu kumi na minane ikaamkia upande wake. Jotham alisema hiyo ni kazi ya Mungu. Mimi nikasema Mungu hali ndizi. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Unajua wazi kwamba mdogo hapiti mlango wa mkubwa wake bila kusimama kumwamkia. Ni utovu wa adabu, na mimi nimefundisha adabu miaka thelathini. Lakini gari lisilo na breki halilaumiwi, linapita tu. Kila asubuhi Jotham alikuwa barazani. Mimi nikimwonyesha magurudumu na kutikisa kichwa, naye akitikisa chake, kama analionea gari huruma. Yeye aliweza kuwaambia majirani kwamba mdogo wake angesimama, shida ni breki. Mimi niliweza kulala. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawakutuambia tufanye nini wakinyamaza miaka saba.

Habari za diski zikifika Kulesa, nikipita nitakuwa nimemtukana kaka yangu mchana kweupe. Nikisimama, nitakuwa nimeshindwa na migomba. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, basi nami nimechutama: gari nimeliacha uani, naenda shamba kwa miguu kwa kukatiza mashamba ya watu, na mbwa wa huko hawanijui. Nina hasira, Bwana Shee, na nina aibu, na magoti yananiuma.

Kwa hiyo naomba dramu zangu zirudishwe, ikiwemo ile iliyopasuka. Hilo likishindikana, ofisi yako initolee barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba breki zangu hazishiki, niibandike kwenye kioo upande unaotazama kwa Jotham. Na Nassir afundishwe kazi upya, na mtu asiyeijua.

Wasalimie mafundi wote, mama watoto, na yule anayewachemshia chai hapo karakana. Nassir usimsalimie.

Ni mimi niliyetengenezewa gari,
Mwalimu Job Kuno.

TANBIHI: Futa yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa salamu. Leo asubuhi miguu ilikuwa imevimba, nikaona heri nipite na gari mapema, kabla Jotham hajatoka ndani kuja kukaa barazani. Nilimkuta amesimama katikati ya barabara, mikono nyuma, ananitazama. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, na gari likasimama hatua moja kutoka magotini pake. Hakusogea hata kidogo. Nilishuka, nikamwamkia, tukashikana tukalia pale pale njiani, hadi shemeji Sarah akaja kutuondoa barabarani. Migomba hatukuitaja. Diski zisiguswe, tafadhali, na Nassir mpe mkono kwa niaba yangu. Mimi nilidhani kaka amesikia habari za breki mpya, ndiyo maana akathubutu kusimama mbele ya gari. Nilipomuuliza ni nani aliyemwambia, akaniuliza breki gani mpya.