Kipa Ambaye Hajafungwa Miaka Minne

(Dkt. Lowell Tweten, Mkurugenzi wa Michezo wa Chuo cha Prairie Fork, Dakota Kaskazini, katika hafla ya kumuaga kipa wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.)

Mheshimiwa Rais wa Chuo, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini, Kiongozi wa Bendi na tarumbeta zako zote, mwakilishi wa kampuni ya jibini inayotufadhili, ndugu uliye ndani ya vazi la nyati, nembo ya timu yetu, ambaye sasa unaruhusiwa kukaa, na kwa heshima ya pekee Mama Halvorson, uliyeendesha gari kwa saa sita kwenye theluji ili umsindikize binti yako Britta na shada la maua: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Nyati anakosa kiti.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao ni wachache waliojaliwa, kutangaza kwamba kupitia Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuinua Magongo, awamu ya kwanza hadi ya tisa, Britta hajafungwa hata bao moja kwa miaka minne mfululizo, timu haijapoteza mechi, majeruhi ni asilimia sifuri, na jezi zetu ndizo safi kuliko zote jimboni, mafanikio ambayo mkurugenzi mwingine angejisifia, lakini mimi nayataja tu. (Makofi. Tarumbeta.)

(Britta, kutoka mstari wa mbele: "Sasa Dokta, nitadaka lini? Kanuni ya michezo ya vyuo inanipa miaka minne tu ya kucheza, na inaisha leo.")

Swali zuri, binti yangu, na linadhihirisha ubora wa elimu yetu. Uwanja wa barafu uko katika hatua za juu kabisa za upembuzi yakinifu.

(Mama Halvorson: "Ziwa hapo nje limeganda tangu Novemba, Mkurugenzi. Wavuvi wanaegesha magari juu yake." Vicheko.)

Mama, barafu ile ni ya kujiotea, haijapitishwa na kikao chochote, nasi hatuwezi kumtelezesha mwanachuo juu ya kitu kisicho na namba ya usajili. Ndiyo maana tuliunda kamati ndogo, ambayo imezuru fukwe za jua kali za Florida mara tatu kujifunza ubaridi. (Mtu anacheka mpaka anapaliwa.)

Kwa hiyo tuseme pamoja. Prairie Fork! (Bendi: "Mbele!") Magongo! (Bendi: "Juu!") Barafu! (Mama Halvorson: "Iko nje.")

Mwisho, nakushukuru Britta kwa barua uliyotuandikia wiki yako ya kwanza, ukiuliza kwa nini uko peke yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na ukiomba, kama timu haipo, upewe ruhusa ya kuhamia chuo kingine kilichokuwa bado kinakutaka. Tuliifanyia kazi kwa uzito unaostahili. Ni kweli, timu haikuwepo, wala haijapata kuwepo. Ile picha ya timu uliyoiona kwenye kijitabu cha chuo kabla ya kuja tuliipenda tu, tukaiazima kwa chuo jirani. Na ruhusa yako ya kuhama, nina furaha kukuarifu, nimeisaini asubuhi ya leo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Bendi inapiga wimbo wa ushindi. Britta analia.)